Kiungo Nilichokiacha Kilimponza Nesi wa Watu

Kosa ni langu. Si la redio, si la mvua, si la kompyuta ya mtumba, na wala si la yule nesi ambaye mpaka juzi kuna watu mwambaoni walikuwa wanamtaja kwa ubaya. Nalisema kwanza ili hata ukiishia hapa hapa, uwe umelijua.

Jina langu silitaji. Wanaohusika nimeshawaambia uso kwa uso, na nitakueleza walivyonipokea. Lakini nina watoto wanaosoma huku huku Mbinga, na wao hawakufanya lolote.

Mimi ni Mmatengo wa Maguu. Nimekua nikilima ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani, na kuchuma kahawa ya baba, kisha Mungu akanifungulia njia nikaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta. Niliporudi, Mbinga sikuitambua. Soko huria lilikuwa limeshaingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa walijaa mjini na magari yao, maduka yalichipuka kila kona, na mashirika yalikuja na miradi ya kila aina. Mradi mmojawapo ukaniajiri, nami nikajiona nimefika!

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zahanati za mwambao wa Ziwa Nyasa hazikuwa na simu. Mvua zikianza, barabara ya kushuka huko milimani inageuka utelezi, na mgonjwa anaweza kufa huku daktari wa Mbinga hana habari. Mradi ukazipelekea redio na kompyuta. Nesi anaandika hali ya mgonjwa, kompyuta inayatuma maandishi kwa mawimbi ya redio, daktari anasoma kwenye skrini huku Mbinga na kujibu. Kuongea kwa sauti kulishindikana, mikwaruzo ilikuwa inameza maneno. Maandishi ndiyo yaliyopita.

Mafundi tulikuwa wawili, mimi na kijana mwenzangu aitwaye Oswini. Mimi ndiye niliyeandika programu. Oswini alishughulika na redio, waya na betri za jua.

Zahanati ninayoisimulia naiacha bila jina. Nesi wake aliitwa Gaudensia, Mnyasa, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Nilipokwenda kufunga mashine yake mara ya kwanza alinipokea nyumbani kwake, akanipikia ugali wa muhogo na samaki, akaniita mdogo wangu. Tangu siku ile nikawa namwita Dada. Nikishuka mwambaoni silali kwingine.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo shetani alipoingilia.

Programu yangu ya kwanza ilipokea ujumbe mfupi tu. Daktari akalalamika. "Siwezi kumwelekeza nesi jinsi ya kuokoa mtu kwa sentensi mbili," akaniambia. "Nipe nafasi ya kuandika." Nikatengeneza programu mpya, inayopokea ujumbe mrefu.

Kipimo cha urefu wa ujumbe kilikaa kwenye faili dogo ambalo sisi mafundi tunaliita heda. Programu inapojengwa ndani ya kompyuta, inalisoma heda kwanza ili ijue mambo kama hayo: ujumbe uwe na urefu gani, nafasi ya kuuweka iwe kubwa kiasi gani. Heda la zamani lilisema ujumbe mfupi. Heda jipya likasema mrefu. Majina yalikuwa yale yale.

Kwenye mashine yangu ya Mbinga, folda la heda halikuwa folda la kweli. Kwa uvivu wa kunakili kila mara, nilikuwa nimeweka kiungo. Kiungo ni jina tu. Ukikitazama unadhani ni folda, kumbe ndani hakina kitu, kinakuelekeza tu mahali pengine: "Unachotafuta kipo kule." Changu kilielekeza kwenye folda langu binafsi, ndani ya mashine ile ile ya Mbinga. Pale ofisini kilifanya kazi vizuri mno.

Siku ya kufunga kifurushi cha kupeleka zahanati, nikakiacha kiungo kama kilivyo. Programu ya kufungashia ikanionya! Ikaandika waziwazi kwamba kuna kiungo kinachoelekeza nje ya kifurushi. Nililiona onyo lile kwa macho yangu mawili. Lilikuwa linanichelewesha, nikalizima.

Jamani, nililizima!

Oswini alikuwa anakunja waya pembeni. Akaniuliza, "Umejaribu kuijenga kwenye mashine nyingine?"

"Nimejaribu," nikamjibu. Sikuwa nimejaribu.

"Na ujumbe mrefu?"

"Oswini, wewe angalia redio zako."

Nikashuka mwambaoni na kifurushi changu kwenye sidii. Kwa Dada Gaudensia nikaijenga programu, ikajengeka bila kulalamika hata kidogo. Ndicho kilichonidanganya. Kumbe kiungo changu kilikuwa kinaelekeza kwenye folda lisilokuwepo kwenye mashine ile, na kompyuta, ilipolikosa heda jipya, ikaenda kutafuta penginepo. Ikalikuta lile la zamani, nililoliacha tangu safari ya kwanza bila kulifuta. Ikalichukua. Ikakaa kimya.

Oswini akanitumia ujumbe wa majaribio kutoka Mbinga: "Habari za huko?" Ukafika. Tukapongezana. Nikala, nikalala, nikapanda zangu milimani.

Haikuchukua muda, dalili zikaanza. Ningekuwa mtu wa kusikia, ningesikia.

Dada Gaudensia alinitumia ujumbe kuwa maelezo ya daktari kuhusu chanjo yameishia njiani. Nikamjibu kuwa daktari ana kazi nyingi, huandika kwa haraka. Akaandika tena wiki nyingine. Nikapuuza. Niliposhuka kubadilisha betri akanikalisha kwenye kigoda, akanitazama.

"Mdogo wangu, huyu daktari siku hizi anaongea kama mtu aliyezibwa mdomo. Anaanza vizuri, halafu kimya."

"Dada, hiyo ndiyo lugha ya watu wa ofisini."

"Mimi inanitia hofu," akasema. "Iko siku atanyamaza kwenye neno lenyewe."

Nilicheka. Ee Mungu wangu, nilicheka mbele yake! Nje, vijidudu vya ziwani vilikuwa vimepanda angani kama moshi mweusi, vinasogea kuja nchi kavu, na watu walikuwa wanafunga madirisha. Nikamwambia nina haraka, mvua isije ikanikuta kwenye kona za milimani.

Ndipo ikaja siku ya Ansila.

Ansila alikuwa mke wa mwalimu wa shule ya pale kijijini. Mimba zake zilikuwa zinaharibika, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutimiza miezi yake. Uchungu ulimwanza usiku. Asubuhi mumewe akamleta zahanati. Dada Gaudensia alimpima, akaona mambo hayaendi, akakaa kwenye kompyuta na kumwandikia daktari kila alichokiona. Dereva wa gari la misheni alikuwa ameshalisogeza gari mpaka mlangoni, na godoro limetandikwa nyuma.

Daktari alijibu pale pale. Aliandika kwa kirefu, kama mtu anayejua thamani ya kila neno. Mapigo ya moyo wa mtoto aendelee kuyasikiliza. Mama alale ubavu wa kushoto. Asisukume kwa sasa. Halafu sentensi ya mwisho ikasema hivi: "Msimwondoe hapo bila kumwekea dripu, kisha aletwe Mbinga leo hii hii kwa upasuaji, tunamsubiri."

Unajua kilichofika mwambaoni?

"Msimwondoe hapo."

Basi. Heda la zamani lilikuwa limeshiba. Yaliyobaki yakamwagwa kama maji machafu, na hakuna kengele iliyolia, hakuna alama iliyotokea. Ilikuwa sentensi nzima. Ilikuwa amri.

Nilikuja kuyasikia haya baadaye kutoka kwa watu waliokuwepo. Dada aliisoma, akaisoma tena. Dereva akauliza, "Tunaondoka, Nesi?" Akamwambia, "Daktari amekataza." Mwalimu akaanza kulia. Dada akajaribu kumuuliza daktari kama ana hakika, lakini radi zilikuwa zinapiga juu ya ziwa, mawimbi ya redio hayakushika. Akajaribu tena. Haikuwezekana. Akamshika Ansila mkono, wakangoja.

Na mimi? Mimi nilikuwa Mbinga, nimekaa ofisini nakunywa chai.

Kuelekea mchana nilipita hospitali kurekebisha printa. Nikamkuta daktari amesimama barazani, anaitazama barabara inayotoka upande wa ziwa. Wingu lilikuwa limekaa juu ya milima ile, jeusi, halisogei.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kuna mama namsubiri kutoka mwambaoni. Gari lingeshafika."

"Labda mvua."

"Labda," akasema. "Lakini nilimwandikia vizuri tu. Njoo usome, uniambie kama kuna neno gumu."

Nikasoma kwenye skrini yake. Ujumbe ulikuwa mrefu. Macho yangu yakafika chini. Nikakumbuka malalamiko ya chanjo. Nikakumbuka mtu aliyezibwa mdomo. Sikuwa na uhakika bado, lakini moyo ulikuwa umeshajua.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema! "Daktari, nahofia ujumbe umekatika." Maneno manne tu. Tungetafuta gari tukashuka. Pengine lisingesaidia kitu, pengine lingesaidia, nitakufa sijui. Badala yake nikasema, "Hakuna neno gumu hapa, Daktari," nikachukua begi langu nikaondoka.

Alasiri, Dada Gaudensia akaona yule mama anazimika. Akavunja amri. Akampakia Ansila kwenye gari kwa kauli yake mwenyewe, akakaa naye nyuma kwenye mvua, wakapanda ile milima wakisukuma gari kwenye matope. Walifika Mbinga giza linaingia. Mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Alikuwa wa kiume. Ansila walimwokoa, lakini kizazi ilibidi kitolewe.

Ukisikia hivyo utasema nesi alimwokoa mama. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini swali lililozunguka halikuwa hilo. Swali lilikuwa: daktari aliagiza aletwe asubuhi, kwa nini alikaa naye mpaka alasiri?

Kamati ikaundwa. Padre aliyekuwa mwenyekiti akanituma mimi nitangulie mwambaoni, nikaikague mashine na kuhakikisha ushahidi haupotei.

Alimtuma fisi alinde mbuzi, na fisi ni mimi.

Nilifika mchana, jua linawaka, ziwa limetulia kana kwamba halijawahi kukasirika. Dada alikuwa amekonda ghafla. Hakunisalimia kwa utani kama kawaida.

"Mdogo wangu, iangalie vizuri hiyo mashine. Mimi niliona yameishia pale. Naapa, yaliishia pale."

"Nitaangalia, Dada."

"Hujala. Ngoja nikukaangie samaki."

Akatoka kwenda jikoni. Nikafungua kompyuta. Ujumbe ulikuwepo, mfupi, umekatwa kama alivyosema. Nikafungua folda la heda, nikakuta kiungo changu kinaelekeza mahali pasipokuwepo. Ulikuwa ni uchafu wangu mtupu. Mke wangu wakati ule alikuwa mjamzito. Niliiona kazi inaondoka, nikajiona narudi Maguu kichwa chini, nikawaona polisi.

Nikakifuta kiungo. Nikaweka folda la kweli lenye heda jipya. Nikaijenga programu upya. Na kama hiyo haitoshi, nikachukua ujumbe kamili wa daktari niliokuwa nimeunakili Mbinga kwenye disketi, nikauweka mahali pa ule uliokatika.

Nilikuwa nasikia mafuta yakichemka jikoni. Nilikuwa nasikia sauti yake akijiimbia wimbo wa kanisani polepole, kama mtu anayejituliza. Nikamaliza. Akaleta chakula, akaninawisha mikono. Nikala! Nilikula samaki wake wote, nikamwambia, "Dada, mashine haina tatizo."

Akakaa chini.

Kamati iliposhuka, Padre alimwomba ausome ujumbe ule kwa sauti, kutoka kwenye skrini yake mwenyewe. Akaanza kusoma. Alipofika "Msimwondoe hapo" akanyanyua mkono kutuonyesha ndipo palipoishia, halafu macho yake yakaona kwamba maneno yanaendelea. Akayasoma. "Bila kumwekea dripu... kisha aletwe Mbinga... leo hii hii..."

"Sikuyaona haya," akasema.

"Lakini yapo, mama," Padre akamwambia kwa upole. Daktari akainamisha kichwa.

Wakaniagiza nifanye jaribio. Oswini akatuma ujumbe mrefu kutoka Mbinga. Ukafika wote, haukupungua hata nukta.

Dada akanigeukia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na binadamu.

"Fundi," akasema, hakuniita mdogo wangu, "mashine inaweza kuyaficha maneno, halafu ikayarudisha?"

Chumba kizima kilikuwa kinanisubiri mimi.

"Hapana, Dada," nikasema. "Haiwezi."

Akaitika kwa kichwa. Akasema, "Basi ni macho yangu. Labda nilichoka." Akavua kofia yake ya unesi, akaiweka juu ya meza mwenyewe, kabla hata hawajamwambia lolote.

Wakamwachisha kazi. Kijijini ikawa ndiye nesi aliyemkalia Ansila mpaka mtoto akafa. Watu wanapenda kuongeza. Wengine wakasema alikuwa amelewa, wengine wakasema alikuwa na wivu. Watoto walimkimbia njiani. Mwishowe akahama, akaenda kwa binti yake aliyeolewa Namswea, milimani, mbali na ziwa alilozaliwa akiliona.

Oswini ndiye aliyenigundua. Kompyuta huhifadhi tarehe ya kila faili, na mimi kwa kiherehere changu niliisahau. Alikwenda kubadilisha betri, akarudi, akafunga mlango wa ofisi.

"Ujumbe wa Ansila umeandikwa kwenye mashine siku uliyoshuka wewe," akasema. "Siyo siku aliyougua."

Nikapiga magoti. Nikamtajia mke wangu na mimba yake. Nililia kama mtoto.

"Utasema mwenyewe," akasema. "Nakupa nafasi. Lakini ofisi moja na wewe sikai." Akaacha kazi, akaenda Songea. Kwa nini naye alinyamaza, hilo ni lake, siwezi kuliungama kwa niaba yake. Nafasi aliyonipa sikuitumia.

Unataka kujua ilinigharimu nini? Mtoto wangu alizaliwa salama, wa kiume. Waliponipa nimshike nikatetemeka mpaka nesi akamchukua. Mke wangu akadhani ni furaha. Kila nilipomwona anatambaa, anasimama, anaanza shule, kulikuwa na mwingine pembeni yake asiyetambaa wala kusimama, wa umri ule ule. Nikaanza kunywa. Mradi ukaisha, wafadhili wakaondoka, kompyuta zikabebwa kama vyuma chakavu. Hakuna aliyewahi kuniuliza tena. Unadhani hilo lilinipa amani? Lilinitisha zaidi! Niliona kama kuna mtu anayenisubiri mahali, hana haraka.

Miaka ikapita. Siku moja nilikwenda Mapera kwenye harusi ya ndugu wa mke wangu. Misa imekwisha, watu wako nje wanasalimiana. Nikamwona mama mmoja amekaa peke yake mwisho wa benchi. Nywele zimekuwa nyeupe. Nyuma yangu mwanamke akamnong'oneza mwenzake, "Unamjua yule? Ndiye yule nesi wa ziwani aliyemuua mtoto wa watu."

Gaudensia alisikia. Najua alisikia, maana aliinama. Hakukasirika wala hakuinuka. Aliinama kama mtu aliyetajwa kwa jina lake halali.

Sikula chakula cha harusi. Wiki iliyofuata nikaenda Namswea.

Nilimkuta anapukuchua mahindi uani. "Shikamoo, Dada." Akaitika, akanitambua, akafurahi! Akataka kuinuka aniletee kiti. Nikamzuia, nikakaa chini kwenye vumbi, nikamwambia yote. Kiungo, heda, onyo nililolizima, disketi, ujumbe nilioubadilisha wakati yeye yuko jikoni. Nilieleza mara mbili, maana mara ya kwanza hakuelewa jinsi jina linavyoweza kuelekeza pasipo na kitu.

Alipoelewa, mikono yake ikaacha mahindi.

"Kumbe yaliishia pale," akasema.

"Yaliishia pale, Dada."

"Kumbe sikuwa mwendawazimu."

"Hukuwa, Dada."

"Unajua mimi chupa ya dawa ya kikohozi siisomi?" akasema. "Namwita mjukuu anisomee, halafu namwita mwingine asome tena. Kitabu cha nyimbo kanisani nakishika tu. Nimeyaogopa macho yangu miaka yote hii. Nilijiambia, kama yaliweza kuruka maneno ya kuokoa mtu, yataruka nini kingine?"

Nililia. Yeye hakulia. Akaniuliza swali moja tu: "Ansila umeshamwambia?"

"Bado."

Akajifunga kitenge, akaingia ndani, akatoka na kikapu chake. "Twende."

Tulishuka wote wawili mpaka ziwani. Ansila na mwalimu wake wanaishi bado kijiji kile kile, wamezeeka pamoja, nyumba yao kimya. Ansila alipomwona Gaudensia mlangoni, uso wake ulibadilika, nikadhani atafunga mlango. Gaudensia akasema, "Sikuja kwa ajili yangu. Msikilize huyu."

Nikasema tena. Mwalimu aliinuka akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Ansila alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

Nilitegemea anitukane. Nilitegemea aniulize kuhusu mtoto. Hakuniuliza.

"Huyu mimi nilimtemea mate," akasema, akimwonyesha Gaudensia kwa kidole. "Mlangoni pa kanisa, watu wanaona. Alinishika mkono kutwa nzima, akanibeba kwenye mvua, na mimi nikamtemea mate! Umenifanya nimchukie mtu niliyetakiwa kumshukuru. Mtoto aliondoka na Mungu. Hili nani atanirudishia?"

Nikafungua mdomo kumwomba msamaha.

"Toka nje," akaniambia.

Nikatoka. Nilikaa kwenye mchanga mpaka jua likawa kali. Ndani nilisikia wale wanawake wakilia, kwanza mmoja, halafu wote wawili, kwa Kinyasa chao ambacho sikielewi vizuri. Sikuitwa tena ndani.

Nilikwenda kwa wakubwa kutaka kazi ya Gaudensia irudishwe na jina lake lisafishwe. Nikaambiwa mradi ulishakufa, kamati ilishavunjika, Padre yule alishafariki, mama mwenyewe umri wake wa kazi umeshapita. Nilipomweleza hivyo, Gaudensia akasema, "Basi andika. Waliosikia habari yangu wengine wamehamia Songea, wengine Dar es Salaam. Andika wasome."

Ndiyo maana naandika. Gaudensia hakukosea! Alisoma kilichokuwepo, akatii, na ilipobidi akavunja amri ili kuokoa mtu. Kama ulilibeba lile neno baya ukalipeleka kwa mwenzako, rudi ukalichukue.

Na wewe kijana unayejifunza kazi yetu, nakuomba kwa magoti. Kabla hujafunga kifurushi, kifungue kila kiungo uone kinakwenda wapi. Usiwapelekee watu jina tupu, wapelekee folda lenyewe. Safisha ya zamani kabla ya kuweka mapya. Jenga kwenye mashine ambayo si yako, isiyojua siri zako. Mashine ikikuonya, iheshimu, hata kama unachelewa chai.

Lakini hayo yote si kitu. Viungo vibovu tutaviacha sana, sisi ni watu. Ninachokuonya zaidi ni ile saa baada ya kosa, unapokuwa peke yako mbele ya skrini na bado hakuna anayejua. Saa hiyo toka nje, mwite mtu, sema. Sema siku ile ile, angali anaweza kukutukana. Usimngoje mtu mwema mpaka azoee hatia isiyo yake.